Miaka Mitatu ya Kujifunza Kusema

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, katika bwalo la shule, Dodoma)

Ndugu Mwenyekiti wa Chama chetu, Ndugu Mkuu wa Shule, Ndugu walimu, wanafunzi wenzangu wa zamani, nanyi vijana mnaosoma hapa sasa: mbukwenyi!

Nashukuru kwa kuitikiwa. Naona hata waliotoka Kilimanjaro na Kagera wameitikia, maana yake shule yetu bado inafanya kazi yake.

Ndugu Mwenyekiti aliponiandikia barua aliniomba niseme machache juu ya somo nililolisoma chuo kikuu, yaani shahada ya kwanza ya mawasiliano ya umma. Sababu yake aliitoa bila kuficha. Vijana wa Kidato cha Sita wanapojaza maombi ya vyuo, wengi huandika sheria kwanza, ualimu pili, na mawasiliano tatu. Na wakiulizwa kwa nini mawasiliano, hujibu kwamba hayana hesabu. Basi hilo niliondoe mapema. Yana hesabu. Mwaka wa pili tulifundishwa takwimu za utafiti, na sisi tuliodhani tumeagana na hesabu mlangoni pa shule hii tuliikuta imefika chuoni kabla yetu, imekaa kiti cha mbele.

Niliingia Nyegezi, nje kidogo ya mji wa Mwanza, mwaka 2001. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino kilikuwa kichanga, kwa kuwa kilipata hadhi hiyo mwaka 1998, lakini mahali penyewe palikuwa pa siku nyingi. Maaskofu Wakatoliki walikuwa wameanzisha pale kituo cha mafunzo ya jamii tangu mwaka 1960. Zamani zile kijana wa Kitanzania aliyetaka kazi ya habari alijifunzia kazini, chini ya mhariri mkali, au alikwenda katika Chuo cha Uandishi wa Habari cha Dar es Salaam kilichoanzishwa mwaka 1975, akapata stashahada. Shahada ilikuja baadaye sana. Hata wenzetu wa Makerere, pamoja na ukongwe wa chuo chao, walianza kufundisha mawasiliano ya umma mwaka 1988 tu. Kwa hiyo mzee wa kijijini asipolijua somo hili si ushamba. Somo lenyewe ni geni.

Baba yangu hakulijua. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ilikuwa haijaanza. Ilianza kazi mwaka 2005, na kabla ya hapo aliyepata nafasi katika chuo kisicho cha Serikali alitazama zizi la kwao. Zizi letu lilikuwa na ng'ombe kumi na mmoja. Mzee aliuza watatu mnadani kwa ajili ya mwaka wa kwanza peke yake. Jioni ile aliniita, akaniuliza somo hili linahusu nini, nami nikamweleza kadiri nilivyoweza. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Mwanangu, miaka mitatu ya kujifunza kusema? Hapa nyumbani nani alikuambia kwamba u bubu?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia nitakuwa mtangazaji, na hilo alilielewa kwa sababu ya redio yake ya National ya betri nne. Lakini haukuwa ukweli wote, na yeye alijua.

Nikapanda treni ya Reli ya Kati, daraja la tatu, kwa njia ya Tabora. Pale chuoni tulisoma uandishi wa habari, utangazaji, uhusiano wa umma, sheria za vyombo vya habari, maadili, historia ya magazeti tangu Mambo Leo la mwaka 1923, na nadharia. Katika nadharia tulikutana na Mmarekani mmoja, Harold Lasswell, ambaye mwaka 1948 aliweka maswali ya kumwuliza kila apelekaye habari: ni nani anayesema, anasema nini, kwa njia gani, anamwambia nani, na matokeo yake ni nini. Nilikariri nikiwa kitandani. Katika mtihani swali hilo lilikuja, nikalijibu kurasa nne, nikapata alama nzuri kuliko zote nilizopata mwaka ule. Naomba mliweke hilo akilini, maana nitalirudia kwa aibu.

Tarehe 24 Juni mwaka 2002 ilitokea ajali ya treni ya Igandu, hapa hapa mkoani kwetu. Treni ya abiria ilirudi nyuma mlimani bila breki ikagongana na treni ya mizigo, na watu zaidi ya 280 wakafa. Sisi tuliokuwa Nyegezi tuliokuwa na ndugu wanaoitumia reli ile tulikaa kwenye redio usiku na mchana. Redio ikasema idadi. Ikasema tena idadi, imepanda. Mimi nilikuwa na mjomba niliyejua amesafiri wiki ile, na idadi haikuniambia kitu, nilitaka jina. Simu ya mkononi kijijini kwetu haikuwapo. Siku ya nne nilipata habari kwa kinywa cha dereva wa lori kwamba mjomba hakupanda, alichelewa stesheni. Darasani tulikuwa tumefundishwa kwamba habari huanza na jambo kubwa kwanza, na kubwa lilikuwa idadi. Mwalimu hakukosea. Lakini niliona wiki ile kwamba idadi ni habari kwa yule asiyekuwa na mtu ndani ya treni.

Mwaka wa tatu ndipo somo lilipoanza kunipendeza, kwa sababu tuliambiwa tuchunguze mambo ya kwetu. Mgogo gani atasoma mawasiliano asiikute Kongwa? Serikali ya Kiingereza iliamua kulima karanga pale mwaka 1947, ikaleta matingatinga na wataalamu, ikapambana na mibuyu na udongo unaokuwa kama saruji jua likipiga, na mwaka 1951 ikaufunga mpango, ikiwa imepoteza pauni zipatazo milioni 36. Vitabu hutaja mashine, udongo na mvua, nayo ni kweli. Lakini mvua ya huku ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na kila bibi wa Kigogo anajua kwa nini anapanda uwele na mtama. Nchi hii ilikuwa na wajuzi wake, nao hawakuulizwa lolote la maana.

Mama yangu ndiye aliyenipa mfano wa upande wa pili. Nilipokuwa likizoni nilimwuliza kama anaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Akacheka, akaenda ndani, akarudi na kijitabu kilicholiwa na mchwa pembeni. Wengine hapa mnaikumbuka. Kwa wiki kumi na mbili watu walikutana kwa makundi nchi nzima, karibu watu milioni 2, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasoma sura ya kijitabu, malaria wiki hii, kichocho wiki ile, kisha redio ikazimwa wakazungumza wenyewe. Kundi la mama lilikaa chini ya mti karibu na shule ya msingi. Yeye alikuwa ndiyo kwanza amejifunza kusoma katika elimu ya watu wazima, akawa ndiye msomaji.

Nilimwuliza walizungumza nini. Nilitazamia aniambie habari za mbu. Akaniambia walibishana majuma mawili juu ya choo, na ubishi haukuwa juu ya kuchimba. Ulikuwa juu ya mkwe. Mkazamwana hawezi kupita njia moja na baba mkwe kwenda chooni; ni aibu isiyosemeka, na kwenye kijitabu haikuandikwa. Mzee mmoja ndiye aliyeisema hatimaye, huku akitazama chini, na kundi likaamua kila kaya ichimbe mashimo mawili, moja mashariki na moja magharibi. Ni kazi mara mbili, katika ardhi ngumu, na walichimba. Mama alinionyesha mahali shimo lake lilipokuwa. Nyegezi nilikuwa nimesoma juu ya kampeni hii kama mfano wa redio yenye nguvu. Kwa mama, redio ilikuwa ya dakika chache tu; iliyobaki ilikuwa ni wao.

Ndugu Mwenyekiti, laiti ningelikuwa nimeyaelewa haya niliyoyaandika kwa kalamu yangu. Sasa nafika kwenye jambo ambalo sijalisimulia mbele ya watu.

Nilimaliza mwaka 2004, nikapata kazi ya ofisa habari katika wilaya moja ya Uwanda huu wa Kati. Haina haja kuitaja, kosa lilikuwa langu. Mvua zikakatika, na mwanzoni mwa mwaka 2006 njaa ilikuwa imeingia kwenye nyumba nyingi. Mahindi ya msaada yakaletwa, ya kuuzwa kwa bei nafuu, na mengine ya bure kwa wasiojiweza kabisa. Kazi ya kuwatangazia watu ikawa yangu. Nilifurahi, ndugu zangu, nasema kweli. Nilijiona nimesomea siku ile. Nikaandika tangazo kwa Kiswahili safi, nikalipiga chapa, nikalibandika kwenye ofisi za kata na penye magulio, na gari la kipaza sauti likapita barabarani siku mbili likilisoma. Bado nalikumbuka: "Wananchi wote wanaohusika wanatangaziwa kufika katika ofisi ya kata siku ya Jumanne saa tatu asubuhi bila kukosa."

Jumanne watu walifika, mahindi yakagawiwa, yakaisha. Nikaandika taarifa kwamba zoezi limefanikiwa.

Baada ya wiki mbili Mwenyekiti wa kijiji kimoja akaniambia kuna kitongoji ng'ambo ya korongo ambacho hakikuleta hata mtu mmoja. Nikakasirika. Nikasema hao ni wazembe, gari lilipita. Nikapanda baiskeli kwenda kuwauliza.

Niliwakuta wakila mlenda bila ugali. Wanaume wengi walikuwa wameondoka na ng'ombe kutafuta malisho, na waliobaki walikuwa wameuza mbuzi zao kwa bei ya kutupa. Gari la kipaza sauti lilipopita, akina mama walikuwa kwenye mto mkavu wakichimba mchanga kutafuta maji, nao mto uko mwendo wa saa mbili. Hilo peke yake lilitosha kunifundisha. Lakini palikuwa na bibi mmoja mjane, mwenye wajukuu wanne, ambaye hakwenda mtoni siku ile kwa sababu ya miguu. Nikamwuliza kwa Kigogo kama hakusikia tangazo. Akasema, "Nililisikia, mjukuu wangu. Lilisema waje wanaohusika. Sisi hatujawahi kuhusika na jambo lolote la Serikali."

Hakunisema vibaya. Alinieleza tu, kama anavyomweleza mgeni njia. Kisha akaniomba radhi kwamba hana cha kunipa.

Neno moja, ndugu zangu. Wanaohusika. Nilikuwa nimelisoma katika barua za ofisi mpaka likawa mate kinywani. Mimi nilikusudia kila mwenye njaa. Yeye alisikia watu fulani wenye jambo lao huko ofisini. Na lile swali la nne la Lasswell, anamwambia nani, ndilo lililonipa alama nzuri kuliko zote. Nilikuwa nimelijibu kurasa nne. Kitongoji kile kilisubiri awamu ya pili, ambayo ilichelewa mwezi mzima. Hakuna aliyekufa, nimeuliza, tena nimeuliza mara nyingi. Lakini mtoto mmoja wa yule bibi aliacha shule mwaka ule akaenda mjini kufanya kazi za ndani, na sijui kama alirudi.

Awamu ya pili sikuandika tangazo hata moja mpaka nimezunguka. Nilikwenda kwa mabalozi wa nyumba kumi, kwa katekista, kwa shehe, na kwa kikundi cha akina mama wapigao muheme, ambao nyumba zote za upande ule zinawajua. Niliwauliza wao waseme kwa maneno gani, saa ngapi, na nani asiyefikiwa. Tangazo lilitoka fupi, la Kigogo, na mwanzo wake ulikuwa: "Wewe uliyeshinda na njaa jana." Mkubwa wangu mmoja alisema si lugha ya Serikali. Nadhani alikuwa na haki, na tulilitumia hivyo hivyo.

Basi kama leo baba angekuwa hai na kuniuliza lile swali lake, ningemwambia kwamba miaka ile mitatu haikuwa ya kujifunza kusema. Walitufundisha kuuliza nani hajasikia, na kwa nini. Tatizo ni kwamba somo hilo liko katika silabasi kwa mafungu mafungu, kidogo katika nadharia, kidogo katika utafiti, kidogo katika zile takwimu mnazozikimbia, na hakuna mwalimu atakayekukusanyia. Mimi nilikusanyiwa na bibi wa ng'ambo ya korongo, kwa gharama yake.

Sasa tuje kwenye swali la tumbo, maana naona vijana wameanza kutazamana.

Mtu asiwadanganye kwamba shahada hii ni mlango wa utajiri. Waandishi wengi wa mikoani hulipwa kwa habari iliyochapishwa, si kwa mwezi, na asiyechapishwa hali. Ndiyo maana ile bahasha ya mwenye mkutano ina nguvu, na ukishaizoea, hutaandika tena lisilompendeza mwenye bahasha. Magazeti ya karatasi yanauzika kidogo kuliko tulipoanza. Kwa upande mwingine, Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 na kanuni zake zimefanya stashahada kuwa kiwango cha chini cha elimu kwa mwandishi, kwa hiyo ile njia ya zamani ya kuingia kwa kipaji peke yake imebanwa. Tangu Serikali ilipoamua kwa dhati kuhamia Dodoma mwaka 2016, wizara zimekuja Mtumba pamoja na vitengo vyao vya mawasiliano, na Bunge liko hapa. Kazi zilizokuwa Dar es Salaam sasa ziko mwendo wa daladala kutoka hapa tulipokaa. Hazitoshi wote.

Wala si lazima kusafiri siku mbili kama mimi. Chuo Kikuu cha Dodoma kipo juu ya vilima vya Chimwaga tangu mwaka 2007, na mwaka ule ule Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana kilifunguliwa palipokuwa Shule ya Sekondari ya Mazengo. Dar es Salaam, kile chuo cha mwaka 1975 kiliingizwa katika Chuo Kikuu mwaka 2003. Ulizeni kila chuo kinafundisha nini hasa, maana majina ya shahada yanafanana na yaliyomo hayafanani. Ulizeni kama kuna studio inayofanya kazi, na mwanafunzi anaigusa mara ngapi kwa muhula. Ulizeni mafunzo ya vitendo ni ya wiki ngapi na nani anayalipia. Mwenzangu mmoja alimaliza miaka mitatu ya utangazaji akiwa ameingia studio mara mbili, moja ikiwa siku ya kuonyeshwa.

Na lugha zenu msizitupe. Nawaona mnavyomcheka mwenzenu anayesema Kigogo, Kirangi au Kisandawe bwenini. Hata wakati wetu tulichekana hivyo. Mimi nimeajiriwa mara tatu katika maisha yangu, na mara mbili sababu iliyoandikwa kwenye barua ilikuwa shahada, lakini sababu niliyoambiwa mlangoni ilikuwa kwamba naweza kwenda kijijini bila mkalimani.

Mtaniambia kwamba siku hizi kila mtu ana simu, habari inafika yenyewe. Nimelisikia hilo. Mwezi uliopita niliuliza katika kitongoji kile kile cha ng'ambo ya korongo. Simu zipo, nyingi zimeshikwa na vijana. Mtandao unashika juu ya kichuguu kimoja. Ujumbe uliokuwa umeenea kuliko wote ulikuwa wa dawa ya majani inayoponya kila ugonjwa. Ule wa chanjo ya mifugo, uliotumwa na ofisi, watu wawili waliuona. Nikauomba niusome. Ulianza kwa kusema wafugaji wote wanaohusika.

Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza. Nimeleta vitabu vyangu vinne vya chuoni, kimoja cha takwimu, viingie maktaba. Kile cha nadharia kina maandishi yangu pembeni, naomba radhi kwa mwandiko. Baada ya chakula nitakuwa chini ya mwembe, karibu na ile kengele ya kipande cha reli, na wale wa Kidato cha Sita waje na fomu zao tuzitazame pamoja. Kwa sasa niko tayari kwa maswali, na kwa ruhusa yako ningependa kuanza na wale waliosimama nje dirishani, ambao sina hakika kama kipaza sauti kimewafikia.